Shajara ya mradi: TV nne za LED mezani, na taa zinazojiunguza

Jumamosi asubuhi

TV nne ziko mezani, zote za LED, na zote zimeletwa kwa neno moja: "imekufa, fundi." Neno hilo halinisaidii kitu. Kabla bisibisi haijagusa skrubu nimechomeka kila moja kwenye umeme, nimeitazama na kuisikiliza, kisha nikaandika inafanya nini.

A, inchi 32: taa nyekundu ipo, ukibonyeza rimoti inageuka kijani, sauti inatoka, kioo cheusi tii.
B, inchi 40: taa nyekundu ipo, ukiwasha inapepesa mara chache na kurudi palepale.
C, inchi 43: sauti safi, picha ya upande wa kushoto ipo ingawa imepauka, upande wa kulia ni mistari iliyosimama na ukungu.
D, inchi 32: nembo inatokea, inakaa, inapotea, inatokea tena, hivyo hivyo bila mwisho.

Ukisoma dalili hizi tu, kazi imeshajigawa yenyewe. A inaelekea kwenye taa za nyuma ya kioo au draiva yake (saketi inayozilisha umeme), B kwenye bodi ya pawa, C kwenye tikoni (bodi ndogo inayopeleka picha kwenye kioo) au kioo chenyewe, D kwenye mazabodi (bodi kuu yenye prosesa). Si hukumu, ni mahali pa kuanza kuweka mita. Kubadilisha bodi nzima kwa kupiga ramli kunamaliza vipuri na mara nyingi ugonjwa unabaki ulipo.

Mradi huu haukusudii kuziwasha tu, kwani kuwasha ni rahisi. Ninachotaka kukifuatilia ni kwa nini TV ya aina ya A ikishatengenezwa hurudi tena mezani na ugonjwa uleule. Dhana yangu: kinachoua taa ni mkondo mkubwa zinaopewa, na anayebadilisha taa bila kugusa mkondo ameacha muuaji ndani ya nyumba.

Jambo moja kabla ya kufungua. Kapasita kubwa ya bodi ya pawa, kwenye umeme wa ukutani wa volti 230, hubeba takriban volti 325 DC. Bodi zenye saketi ya PFC, inayorekebisha namna TV inavyovuta umeme, huipandisha hadi 380 au 400. Ukichomoa waya chaji haiondoki palepale, na bodi ikiwa imekufa ndiyo hukaa zaidi, maana hakuna kinachoitumia. Mimi huimaliza kwa rezista ya kiloomu 2.2, wati 10, iliyofungwa kwenye ncha mbili zenye maganda, halafu napima mpaka mita isome chini ya volti 10. Wapo wanaoigonga kwa bisibisi. Ile cheche huchimba shaba ya bodi na inaweza kuua daiodi zilizokuwa nzima, ukaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Pia kuna upande wa moto, uliounganishwa na umeme wa ukutani, na upande wa baridi, uliotengwa nao. Kwenye bodi nyingi utaona mstari mnene uliochorwa ukizigawa pande hizo, na transfoma zimekaa juu yake. Vipimo vya upande wa moto huchukuliwa kwa hasi ya kapasita kubwa. Vya upande wa baridi huchukuliwa kwa bati la nyuma la TV. Ukichanganya, mita itakupa namba zisizo na maana na utalaumu chipu isiyo na kosa.

Jumamosi jioni: A

Nimezima taa za chumba, nikawasha tochi kali na kuisogeza karibu na kioo kwa mshazari. Nikabonyeza menyu. Maandishi yapo, hafifu sana, lakini yapo na yanasogea ukibonyeza rimoti. Kwa jaribio hilo tu, kioo, tikoni na sehemu kubwa ya mazabodi vimejitoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Nikafungua mgongo. Kwenye soketi inayounganisha pawa na mazabodi: volti 12 ipo, imetulia. Pini iliyoandikwa BL-ON, yaani amri ya kuwasha taa za nyuma, ilikuwa sifuri, na baada ya kuwasha ikapanda hadi 3.2. Mazabodi inaomba taa ziwake, basi lawama iko mbele yake. Nikahamisha ncha kwenye soketi ya taa zenyewe na kuwasha tena nikiwa nimekodolea mita macho: volti ikaruka mpaka karibu 90, ikakaa kitambo kifupi, ikaanguka.

Hicho ndicho kipimo cha kukisoma vizuri. Draiva ya LED hailindi volti, inalinda mkondo. Taa zote zimefungwa kwa mfuatano, mkondo uleule unapita katika kila moja. Taa moja ikikatika, mkondo unakuwa sifuri, draiva inapandisha volti kuutafuta, inagonga kikomo chake cha ulinzi na kujizima. Kwa hiyo volti inayopanda sana kisha kuanguka inaonyesha draiva nzima na msururu uliokatika. Volti isiyopanda kabisa ingenipeleka kwenye fyuzi, mosfeti (swichi ya kielektroniki) na daiodi ya draiva. Na kama kioo kingewaka kwa sekunde moja ndipo kizime, ningeshuku taa inayogusa na kuachia, au moja iliyopiga shoti ndani na kuipa draiva volti ndogo kuliko inayotarajia.

Jumapili: kukitoa kioo cha A

Hii ndiyo sehemu inayoua TV nyingi mikononi mwa mafundi. Taa ni rahisi kubadilisha. Kioo hakina msamaha. Pembeni mwake kuna tepe nyembamba zenye chipu, zimegandishwa moja kwa moja kwenye ukingo wa kioo. Zikikunjwa vibaya au kuchanwa, hakuna pasi ya kulehemu itakayozirudisha. Meza imefutwa na kutandikwa kitambaa laini, mikono ina glavu safi, na kioo kimeinuliwa kwa vikombe vya kunyonya, sawasawa pande zote mbili, bila kupinda. Kwa inchi 32 mtu mmoja anaweza. Kuanzia 40 na kuendelea naomba mtu wa pili bila kuona haya.

Chini ya kioo kuna karatasi za plastiki zinazolainisha mwanga, kisha kibamba kinene cheupe kinachoutawanya. Kila karatasi ina masikio au kona iliyokatwa inayoonyesha upande wake. Nimepiga picha kabla ya kugusa, nikazitoa zote kwa pamoja kama zilivyopangana na kuzifunika. Punje moja ya vumbi ikiingia katikati, mwenye TV ataiona kila siku kwenye mandhari meupe.

Halafu karatasi nyeupe ya kuakisi, na hatimaye stripu, yaani vipande virefu vilivyopangwa taa: tatu, kila moja ina taa saba. Jumla 21, kila moja ikihitaji takriban volti 3.1, yaani volti 65 hivi kwa msururu mzima. Kipima LED kinatoa volti ya kutosha kwa mkondo mdogo, hivyo hakiunguzi kitu. Stripu ya kwanza imewaka. Ya tatu imewaka. Ya katikati haikuwaka. Nikapima taa mojamoja: ya nne ni giza. Nikabandua lenzi yake kwa ncha ya kisu, na chini yake, katikati ya ule umanjano, kuna kitobo cheusi kidogo kuliko kichwa cha pini.

Kishawishi ni kubadilisha taa hiyo moja na kufunga. Nimeangalia zile ishirini zinazowaka. Nyingi zina duara la kahawia katikati, na plastiki ya stripu imebadilika rangi kuzizunguka. Mbili zinawaka na weupe wenye ubluu. Hilo lina maelezo yake: hakuna LED nyeupe kwa asili. Kilichomo ni LED ya bluu, ile iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, ikiwa imefunikwa fosfori ya manjano. Bluu na manjano vikichanganyika jicho linaona nyeupe. Fosfori ikiungua na kupasuka, bluu inavuja. TV inayoletwa kwa lalamiko la "rangi imekuwa ya bluu au zambarau" mara nyingi haina ugonjwa wa rangi, ni taa zilizopikwa. Na ile yenye vidoa vyeupe vikali kama sarafu kwenye kioo imedondosha lenzi, gundi imekauka kwa joto. Dalili zinatofautiana, chanzo ni kimoja.

Kwa hiyo stripu zote tatu zinatoka. Hizi zimefanya kazi saa zilezile kwa joto lilelile. Moja ikishakufa, za jirani ziko njiani. Nimeandika urefu, idadi ya taa, mpangilio wa soketi na volti ya kila taa kabla ya kuagiza. Volti hasa: kuna taa za volti 3 na kuna za volti 6, kwa macho zinafanana, na ukizichanganya kwenye msururu mmoja draiva itakukatalia au mwanga utakuwa na mabaka.

Jumatatu: B

Hii imeisha haraka. Volti ya stendibai ilisoma 5.1 TV ikiwa imelala. Ukiwasha ikadidimia hadi 3.9, mazabodi ikazimika, ikaanza upya. Kapasita mbili upande wa baridi, karibu kabisa na bamba la kupozea, vichwa vimevimba. Moja imepoteza karibu nusu ya uwezo wake. Ya pili inasoma mikrofaradi 940 kati ya 1000, namba ambayo ingempita fundi anayetegemea kipimo cha uwezo peke yake, bila kipimo cha ukinzani wa ndani. Kwenye kipimo hicho imefeli vibaya. Nimeweka mpya zote mbili: uwezo uleule, volti ileile au zaidi kidogo, za nyuzi 105, ukinzani mdogo, hasi kwenye hasi. Stendibai sasa haitikisiki na volti 12 inasimama ikiwashwa.

Kwa kapasita za aina hii, joto likishuka kwa nyuzi 10 maisha yake huongezeka karibu maradufu. Aliyeziweka ubavuni mwa bamba la moto alijua hesabu hiyo. Nimeziinamisha mbali kidogo na bamba kadiri miguu ilivyoruhusu.

Jumatano: A, kazi yenyewe

Stripu mpya zimefika. Nimekwangua gundi kuukuu, nikasafisha bati kwa spiriti na kubandika kwa tepe inayopitisha joto, nikizikandamiza urefu wote. Stripu iliyoinuka hata sehemu ndogo haina pa kupeleka joto lake, na taa ya hapo ndiyo itakayotangulia.

Nimeziwasha kabla ya kurudisha kioo, kibamba cheupe kikiwa juu ili nisiumize macho. Zote 21. Sasa mkondo.

Kwenye draiva hii kuna rezista tatu ndogo sambamba kati ya mguu wa chipu unaopima mkondo na hasi: omu 1.5, omu 1.5 na omu 3. Kwa usambamba zinatoa omu 0.6. Mwangaza ukiwa juu kabisa mita imesoma volti 0.3 juu yake. Gawanya: miliampea 500. Kila taa inakula wati 1.55, stripu zote wati 32 na ushei, zimebanwa kwenye kisanduku chembamba kisicho na upepo. Kiwandani wanataka mwanga mwingi kwa taa chache, na wanaupata hivi.

Kwanza nimeiacha iwake kwa mkondo wa kiwandani, kioo kikiwa kimerudishwa, chumba kikiwa nyuzi 27. Baada ya saa mbili, bati la nyuma katikati lilikuwa nyuzi 57. Hiyo ni nje. Ndani ya taa kwenyewe ni zaidi ya hapo.

Kisha nikailehemua rezista ya omu 3. Zilizobaki zinatoa omu 0.75, na kwa volti ileile 0.3 mkondo unashuka hadi miliampea 400. Punguzo la asilimia 20 kwa kutoa kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Chumba kilekile, muda uleule: nyuzi 51. Mwanga umepungua, lakini si kwa kiasi hicho, kwa sababu LED inayopewa mkondo mdogo hutumia umeme wake vizuri zaidi. Nimesimama mbele ya picha ya uwanja wa mpira mchana na sikuona nililopoteza.

Tahadhari kwa anayetaka kuiga: si kila bodi iko hivi. Nyingine zina rezista moja tu kwenye mguu wa kupangia mkondo, na huko unaibadilisha kwa yenye omu kubwa zaidi, huitoi. Ukiitoa draiva inaweza isiwake kabisa. Soma namba ya chipu, tafuta karatasi yake ya maelezo, ndipo uchomeke pasi.

Kwa asiyetaka kufungua TV nzima, kuna menyu. Kwenye TV nyingi kuna kipengele cha mwangaza na kingine cha taa ya nyuma, na hivi si kitu kimoja. Mwangaza hugusa weusi wa picha kwenye kioo, taa zikiendelea kuungua vilevile. Taa ya nyuma ndiyo inayogusa LED zenyewe. TV mpya ikitoka kwenye boksi mara nyingi huja ikiwa imepandishwa juu, na watu wengi huiacha hapo mpaka siku inapozima.

Ijumaa: C, na kukubali

Tikoni inapokea volti 12 na fyuzi yake ni nzima. Volti inazozalisha yenyewe kwa ajili ya kioo: AVDD (ya chipu za picha) 16, sawa, VGL (ya kuzima mistari ya kioo) iko hasi 7, sawa, VGH (ya kuiwasha) inasoma 19 mahali inapotakiwa 28. Kuna kinachoivuta chini. Nimezima, nikachomoa tepe ya kioo ya upande wa kulia, nikawasha: VGH 28, na nusu ya kushoto imerudi na rangi zake zote. Nimerudisha, VGH ikaporomoka tena. Tikoni haina kosa. Ugonjwa uko kwenye kioo, upande wa kulia. Nikigusa ukingo wa kioo kwa kidole pale chini, mistari inahama.

Kuna ujanja wa kuziba baadhi ya pini za tepe kwa gundi ya joto, na nimeuona ukifanya kazi pale kioo kinapolishwa ishara za mistari ya kulala kutoka pande zote mbili na upande mmoja ukawa mbovu. Hapa mistari imesimama, chanzo ni chipu zinazopeleka picha kwenye safu, na hazina wenzao wa kuzisaidia. Kugandisha upya tepe hizo kunahitaji mashine yenye darubini, joto na shinikizo lililopimwa. Mwenye TV ameambiwa hivyo hivyo. Ameiacha, kwa hiyo bodi yake ya pawa, tikoni na stripu zake zimeingia kwenye sanduku la vipuri.

Jumamosi: D

Nembo inayojirudia hupendeza kuita "programu" bila kupima. Nimeanza na volti za mazabodi: 3.3, kisha 1.5 ya memori, kisha 1.1 ya prosesa. Zote zimetulia wakati nembo inapotea, kwa hiyo si lishe. Nimechukua namba iliyochapwa kwenye mazabodi na namba ya kibandiko cha kioo, nikapata programu inayolingana na vyote viwili, nikaiweka kwenye flashi ya mfumo wa FAT32. Namba ya kioo watu huipuuza, kisha picha inatokea kichwa chini au rangi zimepinduka, na wanadhani wameua mazabodi. D imevuka nembo na kufika kwenye menyu. Kama ingegoma, ningehamia kwenye chipu ya kuhifadhia.

A na B zimeondoka. Ndani ya kifuniko cha A nimebandika karatasi: tarehe, stripu mpya, miliampea 400, rezista iliyotolewa ni ipi. Fundi mwingine akiifungua, asidhani imeanguka na kuirudisha.

D bado haijafungwa mgongo. Taa zake ni nzima lakini zinapewa mkondo wa kiwandani: rezista mbili za omu 1 sambamba, volti 0.25 juu yake, miliampea 500. Hapa siwezi kutoa moja, mkondo ungekatika nusu. Nikibadilisha moja kwa ya omu 1.5, usambamba unakuwa omu 0.6 na mkondo unashuka hadi karibu miliampea 417. Rezista hiyo ipo kwenye bodi ya C.